Bei mbaya ya gogo hufyeka msitu: Funzo kutoka vijiji vya Kilwa

GOGO la mpingo likishapakiwa kwenye lori wilayani Kilwa, mkoani Lindi, wanakijiji waliokua wakiuona mti huo hawalioni tena. Lori hupita Nangurukuru, huvuka Mto Rufiji katika Daraja la Mkapa na kuelekea Dar es Salaam. Baada ya kupasuliwa na kukaushwa, mbao zake husafirishwa nje na kugeuzwa klarineti, zumari za kizungu na vyombo vingine vya muziki vinavyouzwa kwa bei ya juu Ulaya na Marekani.

Swali ambalo kwa miaka mingi halikuulizwa sana ni moja. Je, kijiji kilikotoka gogo hilo kilibakiwa na nini?

Jibu lake liliwekwa wazi mwaka 2009, wakati vijiji viwili vya wilaya hiyo, Kikole na Kisangi, vilipoingia katika mpango wa cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu. Ilielezwa wakati huo kwamba kabla ya mpango huo, mwanakijiji alikuwa akipata senti nane tu za Dola ya Marekani kwa gogo moja. Chini ya mpango mpya, kijiji kilitarajiwa kupata zaidi ya Dola 19 kwa gogo. Hiyo ni zaidi ya mara 200.

Mti ni ule ule, na ardhi ni ile ile. Kilichobadilika ni nani mwenye msitu, nani anayepima gogo na nani anayepanga bei. Mabadiliko hayo ndiyo yanayoamua kama msitu utaendelea kuwepo au utakwisha.

Mti unaozama majini

Mpingo ni miongoni mwa miti yenye mbao nzito kuliko yote duniani. Kiini chake cheusi ni kizito kuliko maji, hivyo ukikitupa mtoni kinazama. Sehemu ya nje ya gogo ni nyeupe na haina thamani kubwa, lakini kile kiini cheusi ndicho kinachotafutwa na wachonga vinyago wa Kimakonde pamoja na viwanda vya vyombo vya muziki.

Mti huu hauna haraka. Huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Kwa maneno mengine, mzee anayeukata leo anakata mti uliochipua kabla hajazaliwa, na mche utakaochipua leo utavunwa na vitukuu. Aidha, mpingo mara nyingi haunyooki. Una mashimo, vifundo na nyufa, kiasi kwamba sehemu kubwa ya gogo hupotea kiwandani na ni sehemu ndogo tu inayofaa kutengenezea vyombo vya muziki.

Kwa sababu hiyo, kijiji kinachouza mpingo kwa bei ya kutupa hakiwezi kusema kitafidia hasara hiyo msimu ujao, kama anavyoweza kusema mkulima wa ufuta. Kosa la bei katika mpingo hulipwa na vizazi vitatu.

Daraja lilipofunguliwa

Kabla ya mwaka 2003, magari yaliyokuwa yakienda Kusini yalivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na katika misimu ya mvua barabara ilikuwa haipitiki. Ugumu huo uliwatesa wakulima wa korosho na ufuta, lakini kwa upande mwingine uliilinda misitu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mazao yalipata njia ya kwenda sokoni. Magogo nayo yalipata njia.

Mpangapanga, mkongo, mninga na mpingo vilianza kukatwa kwa kasi. Ripoti ya utafiti uliofanywa na mtandao wa TRAFFIC na kutolewa mwaka 2007 ilieleza kuwa serikali kuu na halmashauri zilikuwa zikipoteza hadi asilimia 96 ya mapato ambayo yangeweza kutokana na mbao za misitu ya asili. Hasara kwa nchi nzima ilikadiriwa kufikia Dola za Marekani milioni 58 kwa mwaka.

Ikiwa Serikali yenyewe ilikuwa inapoteza kiasi hicho, hali ya kijiji inaeleweka. Mwanakijiji alikuwa kibarua wa kukata na kubeba. Hakujua gogo linakokwenda wala bei yake huko. Akipewa fedha ya chumvi na sabuni, aliona amepata, kwa kuwa asipopokea yeye atapokea mwenzake na mti utaondoka vilevile.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Mali isiyo na mwenyewe hailindwi na mtu. Mkulima hulala shambani akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe kwa sababu anajua mahindi ni yake. Hakuna anayelala porini kulinda mpingo ambao faida yake ni ya mtu mwingine.

Sheria iliyofungua mlango

Mlango ulifunguliwa na Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998, ikafuatiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002. Kwa sheria hizo, kijiji kinaweza kutenga sehemu ya ardhi yake kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, kikausimamia chenyewe, kikavuna kwa mpango na kubaki na mapato.

Hilo si jambo dogo. Tathmini ya kitaifa ya misitu iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu nusu yake iko katika ardhi za vijiji. Kwa hiyo mwenye sauti juu ya karibu nusu ya misitu ya nchi ni mkutano mkuu wa kijiji, endapo kijiji kitafuata taratibu.

Taratibu zenyewe zina hatua kadhaa. Kwanza, mipaka ya kijiji ijulikane na kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi unaoonyesha eneo la mashamba, malisho, makazi na msitu. Pili, mkutano mkuu uchague kamati ya maliasili, yenye wanawake na wanaume, itakayosimamia msitu kwa niaba ya wanakijiji wote. Tatu, miti ihesabiwe kwa aina na ukubwa. Nne, uandaliwe mpango wa usimamizi na sheria ndogo zinazosema nani anaruhusiwa kufanya nini msituni na faini ni kiasi gani. Mwisho, mkutano mkuu upitishe na halmashauri ya wilaya iridhie.

Vijiji vya Kilwa havikuwa vya kwanza nchini kuushika msitu. Wilayani Babati, vijiji vinane vinavyozunguka msitu wa Duru-Haitemba vilikataa katika miaka ya 1990 msitu huo usichukuliwe kuwa hifadhi ya Serikali, vikapewa nafasi ya kuulinda vyenyewe. Wilayani Kiteto, vijiji vya msitu wa SULEDO vilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002 kwa kazi kama hiyo. Hata hivyo, vijiji vya Kilwa vilikwenda hatua nyingine mbele. Pamoja na kulinda, viliingia sokoni.

Kikole na Kisangi waingia sokoni

Katika kazi hiyo wanakijiji walisaidiwa na MCDI, shirika lisilo la kiserikali lililoweka ofisi yake Kilwa Masoko na lililoanza kwa utafiti wa mpingo katika miaka ya 1990. Shirika hilo liliwafundisha wanakamati kuhesabu miti, kuandaa mpango wa uvunaji na kutunza kumbukumbu.

Mwezi Machi 2009, shirika lilipata cheti cha FSC, ambalo ni baraza la kimataifa linalothibitisha kuwa mbao zimetoka katika msitu unaosimamiwa vizuri. Kikole na Kisangi vilikuwa vijiji vya mwanzo kuingia chini ya cheti hicho. Kilikuwa cheti cha kwanza cha aina hiyo barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Baadaye vijiji vingine viliingia, kikiwemo Nanjirinji A chenye msitu wa zaidi ya hekta 60,000.

Cheti chenyewe hakiongezi uzito wa gogo. Kinachofanya ni kumpa mnunuzi wa mbali uhakika kwamba gogo halikuibwa na kwamba msitu ulikotoka haukufyekwa. Mtengenezaji wa klarineti anayeuza kwa watu wanaouliza maswali ya mazingira anauhitaji uhakika huo. Kijiji kilichokuwa kikisubiri dalali apite kikapata nafasi ya kuzungumza na mnunuzi aliyekuja kwa hiari yake.

Mapato ya magogo katika vijiji hivyo yametumika kulipia doria za msitu na shughuli za maendeleo zilizoamuliwa na mikutano ya vijiji, zikiwemo za maji, shule na afya.

Hesabu ya gogo

Mkulima wa korosho anajua maumivu ya kangomba, na mkulima wa viazi anajua lumbesa. Katika biashara ya magogo, lumbesa ni kuuza kwa kuhesabu vipande badala ya kupima ujazo. Dalali anasema, "Gogo moja shilingi kadhaa," kisha anachagua manene.

Kupima ujazo hakuhitaji mashine. Kunahitaji futi kamba, kalamu na daftari. Pima kipenyo cha gogo katikati ya urefu wake, kwa mita. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha zidisha kwa 0.7854, halafu zidisha kwa urefu wa gogo.

Gogo lenye kipenyo cha sentimeta 30 na urefu wa mita 2 litakuwa hivi: 0.30 mara 0.30 ni 0.09. Mara 0.7854 ni 0.0707. Mara 2 ni mita za ujazo 0.141. Magogo saba ya namna hiyo ni karibu mita moja ya ujazo.

Sasa chukua gogo la sentimeta 40 lenye urefu ule ule. Hesabu yake ni mita za ujazo 0.251, na magogo manne tu yanatosha mita moja ya ujazo. Kwa macho, tofauti ya sentimeta 10 inaonekana ndogo. Kwa ujazo, gogo la pili lina karibu mara moja na robo tatu ya mbao za gogo la kwanza. Anayeuza yote mawili kwa bei moja ametoa zawadi.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba bei iliyokubaliwa ni Sh200,000 kwa mita ya ujazo. Gogo la kwanza litakuwa na thamani ya takriban Sh28,000 na la pili takriban Sh50,000. Kijiji kinachouza kila gogo kwa Sh10,000 kimepoteza Sh18,000 kwenye gogo jembamba na Sh40,000 kwenye gogo nene.

Hesabu ya doria

Hesabu ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza, nayo inahusu gharama za ulinzi. Msitu hauwezi kulindwa kwa maneno. Watu wanaoacha mashamba yao kuzunguka porini wanahitaji posho, chakula na viatu.

Tuseme kijiji kina walinzi sita wanaofanya doria mara mbili kwa mwezi, na kila mmoja hulipwa Sh5,000 kwa siku. Kwa mwaka mzima gharama ni Sh720,000. Kwa bei ya mfano ya Sh200,000 kwa mita ya ujazo, kijiji kitatakiwa kuuza mita za ujazo 3.6, yaani magogo 26 ya sentimeta 30. Kikiuza kwa Sh10,000 kwa gogo, kitatakiwa kuuza magogo 72 ili kumlipa mlinzi yule yule kwa kazi ile ile.

Kwa maneno mengine, pale ambapo bei nzuri hukata gogo moja, bei mbaya hukata karibu matatu. Na hapo hakijachimbwa kisima wala kuezekwa darasa. Kijiji chenye bei mbaya kina njia mbili tu: kukata zaidi ya kiwango cha mpango wake, au kuacha doria. Njia zote mbili zinafika pale pale.

Kwa hiyo bei si suala la tamaa ya fedha, kama baadhi ya watu wanavyodhani wanapozungumzia hifadhi. Bei ni sehemu ya ulinzi wa msitu.

Moto na mashamba mapya

Hata bei ikiwa nzuri, adui wapo. Wa kwanza ni moto. Misitu ya miombo ya Kilwa huungua karibu kila mwaka. Moto wa mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, ni mkali. Huua miche na kudhoofisha miti mikubwa. Njia inayotumika kuupunguza ni kuchoma mapema, mara baada ya mvua kwisha, wakati nyasi bado zina unyevu. Moto huo ni mdogo, huzimika wenyewe usiku na huacha mabaka ambayo moto mkubwa wa baadaye hauwezi kuyapita.

Adui wa pili ni shamba jipya. Ufuta umekuwa zao la fedha la kutegemewa Lindi, na wakulima wengi hupenda kuulima katika ardhi iliyofyekwa upya kwa kuwa ina rutuba na magugu machache. Huwezi kumlaumu mkulima anayetafuta ada ya shule. Lakini ekari ya msitu ikifyekwa kwa misimu miwili au mitatu ya ufuta, mpingo uliokuwamo haurudi katika maisha yake. Ndiyo maana mpango wa matumizi ya ardhi unatangulia mambo yote. Kijiji kisichojua msitu unaanzia wapi hakiwezi kumzuia mtu kulima.

Adui wa tatu yuko ndani ya kijiji chenyewe. Fedha za msitu zikiingia, maswali huanza. Nani ameshika kitabu cha benki? Kwa nini magogo yaliyopigwa nyundo ya kijiji ni machache kuliko yaliyopakiwa? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kamati isiyosoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu itapoteza imani ya wanakijiji, na walioacha kuiamini kamati ndio watakaowaongoza wezi porini.

Soko nalo lina tabia yake. Wanunuzi wa mpingo wenye viwango vya kimataifa ni wachache, na kijiji kinachowategemea wawili au watatu kinaweza kukaa mwaka mzima bila oda. Kuwa na aina nyingine za miti katika mpango wa uvunaji, kama mpangapanga na mkongo, kunapunguza hatari hiyo.

Mfanyabiashara naye ajue

Kwa wafanyabiashara wadogo wa mbao na vinyago, ununuzi katika msitu wa kijiji unaweza kuonekana kuwa na mlolongo mrefu. Kuna mkataba na kijiji, kuna kupima, kuna nyundo, kuna stakabadhi na kibali cha kusafirisha. Lakini kila karatasi kati ya hizo ni kinga barabarani. Mzigo usio na karatasi ukikamatwa kizuizini, faida ya safari tatu hupotea kwa siku moja.

Umuhimu huo uliongezeka tangu Januari 2017, mpingo na karibu ndugu zake wote wa jamii hiyo ya miti walipoingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vililegezewa masharti mwaka 2019, lakini mbao za kutengenezea vyombo hivyo bado zinahitaji kibali kuvuka mpaka. Anayenunua kwenye kijiji chenye mpango na kumbukumbu ana cha kuonyesha. Aliyenunua usiku kwa dalali hana.

Vijiji vinavyofikiria kuanza vianze na mambo matatu kabla ya kusubiri mfadhili: kujua mipaka, kuchagua kamati inayoaminika na kununua daftari la kumbukumbu. Ofisa misitu wa wilaya ndiye wa kuombwa msaada wa kuhesabu miti na kuandaa sheria ndogo. Kanuni za uvunaji na ushuru hubadilika mara kwa mara, hivyo kamati imuulize kabla ya kila msimu wa kuuza, isitegemee kilichosemwa mwaka juzi.

Pale msituni, mnunuzi akija na kusema atalipa kwa kila gogo, jibu la kamati liwe fupi. Alete futi kamba, na kijiji kitaleta ya kwake.